Batli ya Modemu: Hodi Isiyoitikiwa na Haki ya Mtumiaji

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, macho peke yake hayafui dafu pale kinachotazamwa kinapokuwa fumbo. Hali hii humkumba aghalabu mkazi wa mjini aliyeunganishiwa intaneti kwa kebo ile ile iletayo televisheni. Huduma inapokatika, hupiga simu kwa kampuni, naye huambiwa aizime modemu, asubiri kidogo, kisha aiwashe. Hutii. Intaneti hurejea kwa saa moja, kisha hutoweka tena. Akilalamika mara ya pili, huambiwa kwamba upande wa kampuni hauna kasoro yoyote. Hapo mjadala hufika ukingoni, kwani mmoja ana vipimo ilhali mwingine ana manung'uniko tu. La kusikitisha ni kwamba ushahidi anaouhitaji mlalamishi huyo umo sebuleni mwake, ndani ya modemu yenyewe, ila hajui kuusoma.

Modemu za kebo hufuata kanuni ziitwazo DOCSIS, ambazo toleo lake la kwanza lilitolewa na taasisi ya CableLabs ya Marekani mwaka wa 1997. Kwa mujibu wa kanuni hizo, modemu huweka kumbukumbu ya kila hitilafu inayoipata. Katika modemu nyingi, kumbukumbu hiyo huonekana kwa kuandika tarakimu 192.168.100.1 katika kivinjari cha tarakilishi iliyounganishwa nayo. Waingereza huita kumbukumbu ya aina hii kwa jina walilolitoa katika daftari la safari za merikebu. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki nao wana jina la daftari hilo tangu zamani: batli. Kwa hivyo, hapana haja ya kubuni neno jipya. Modemu ina batli yake, na batli huandikwa ili isomwe.

Je, batli hiyo husema nini? Ujumbe unaojitokeza mara kwa mara zaidi husomeka hivi: "No Ranging Response received - T3 time-out". Asiyejua maana huona sihiri tupu. Kumbe jambo lenyewe ni la kawaida mno katika utamaduni wa Mswahili. Kila modemu hulazimika kubisha hodi mara kwa mara kwa mtambo mkuu wa kampuni, nao mtambo huitikia kwa kuielekeza irekebishe nguvu ya mawimbi yake, masafa yake na wakati wa kusema. Modemu hungoja jibu kwa milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Jibu lisipofika, huandika ujumbe huo wa T3: imebisha hodi, haikuitikiwa. Mgeni mwenye adabu hubisha hodi mara tatu kisha akaenda zake. Modemu ni mvumilivu zaidi, kwani hubisha hadi mara kumi na sita mfululizo kabla ya kukata tamaa na kuanza safari upya. Ujumbe wa T4 nao huwa na maana tofauti kidogo. Hapo modemu imekaa barazani kwa takriban nusu dakika ikingoja kupewa zamu ya kubisha, na zamu yenyewe haikuja.

Maana ikishafahamika, kutambua kiini cha tatizo huwa rahisi. Modemu isiyoitikiwa hupaza sauti, yaani huongeza nguvu ya mawimbi inayotuma. Nguvu hiyo ikiwa imepanda hadi karibu na kikomo chake huku batli ikijaa hodi zisizoitikiwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba sauti inapotelea njiani: katika kiungo kilicholegea, kebo iliyoingia maji, au kigawanyio kilichochakaa. Kwa upande wa mawimbi yanayoingia nyumbani, kanuni huitarajia modemu ifanye kazi kati ya dBmV -15 na +15. Vipimo vikikaribia mipaka hiyo, si ajabu batli kuonyesha pia kwamba modemu imeshindwa kwenda sambamba na mtambo mkuu. Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba nyumba nyingi za mtaa mmoja hutumia njia moja ya kurudishia mawimbi. Kelele zinazopenyeza kupitia kebo mbovu ya jirani hukusanyika pamoja na kumziba sauti asiyekuwa na hatia. Wakati mwingine kiungo kibovu kimo katika nyumba ya mlalamishi mwenyewe. Kusoma batli, basi, hakukusudiwi kumpa mteja silaha ya kuonea. Huipa kila pande haki yake.

Hata hivyo, msomaji wa pupa anaweza kupotoka. Ujumbe wa T3 hutanguliwa na neno linaloashiria hatari kubwa, kwa kuwa kanuni za DOCSIS zimeyapanga matukio katika ngazi nane na kuliweka hili katika ngazi ya tatu. Mfasiri atakayelitafsiri neno hilo kuwa "mahututi" atamtia mtu kiwewe bure, kwani hodi moja au mbili zisizoitikiwa kwa siku nzima si ugonjwa. Cha kutiliwa maanani ni wingi wake na wakati wake: je, huja kwa makundi, nazo huwiana na saa ambazo huduma hukatika? Vivyo hivyo, wapo wanaoshtuka kuona matukio yaliyoandikiwa tarehe mosi Januari 1970 na kudhani kwamba modemu imeharibika. Ukweli ni kwamba modemu inapowashwa huwa haijui saa, nayo huhesabu kutoka tarehe hiyo ya kale hadi mtandao uipashe habari. Tarehe hiyo huashiria tu kwamba tukio lilitokea kabla modemu haijapata saa sahihi.

Hapa ndipo wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Kwa miaka mingi juhudi za kukiingiza Kiswahili katika tarakilishi zimeelekezwa kwenye menyu na vitufe. Mwaka wa 2004, kwa mfano, ulishuhudia kutolewa kwa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi. Juhudi hizo zinastahili pongezi. Lakini mtu huhitaji lugha yake zaidi mambo yanapoharibika kuliko yanapokwenda sawa, na ujumbe wa hitilafu ndio ulioachwa nyuma.

Wapo watakaodai kwamba Mkenya aliyesoma anakijua Kiingereza, hivyo hana haja ya tafsiri. Dai hili halina mashiko. Profesa wa Kiingereza akiisoma batli ya modemu hataelewa zaidi ya mama mboga, maana maneno hayo yaliandikwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi. Kinachokosekana ni ufafanuzi, wala si msamiati wa kigeni. Kwa sababu iyo hiyo, tafsiri ya neno kwa neno haitafaa kitu. Itazaa istilahi ngumu juu ya istilahi ngumu, na fumbo litahama lugha bila kufumbuliwa. Wengine watasema kwamba kebo za shaba zinazipisha nyaya za nuru. Ni kweli, lakini vifaa vya nyaya za nuru navyo vina kumbukumbu zake, na anayejifunza kusoma batli moja huwa amejifunza kuuliza kuhusu nyingine.

Fauka ya hayo, suala hili lina uzito wa kisheria. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 nacho kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kampuni inayoufunga ukurasa wa batli, au inayompa mteja modemu bila hata karatasi moja ya maelezo kwa lugha anayoielewa, inaikiuka roho ya vifungu hivyo.

Basi na lianze lililo dogo. Ujumbe unaojirudia mara kwa mara katika batli za modemu haujazi hata kurasa mbili. Wanafunzi wa Kiswahili wakae na wenzao wa uhandisi, waufafanue kwa lugha ya hodi na karibu, kisha kampuni zitakiwe kuuambatisha kwa kila modemu. Siku hiyo, mlalamishi hatasema tena kwamba "intaneti ni mbovu". Atasema: "Tangu jioni modemu yangu imebisha hodi mara arubaini bila kuitikiwa, na nguvu ya kutuma imepanda. Mtumeni fundi aitazame kebo." Mteja wa namna hiyo si rahisi kuambiwa azime na kuwasha.