Mcheza Kwao na Mwacha Mila: Sauti ya Mtunzi Mbele ya Mhakiki na Soko

Methali mbili zimetumiwa vibaya sana katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili. Ya kwanza, "mwacha mila ni mtumwa", hutolewa na mhakiki anapomwona mtunzi akivuka mpaka uliozoeleka. Ya pili, "mcheza kwao hutunzwa", hutolewa na mchapishaji anapomrudishia mwandishi mswada wake na kumshauri aandike kitu kitakachosomeka shuleni. Mmoja anatetea heshima ya jadi na mwingine anatetea riziki. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba wawili hao wanataka jambo moja, yaani kazi ya sanaa itambulike kabla haijasomwa. Mtunzi anayelikubali sharti hilo amekwisha kujinyima sauti yake mwenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe. Diwani yake ya Kichomi ilipochapishwa Nairobi mwaka 1974, mgogoro wa ushairi ulipamba moto. Wanamapokeo walishikilia kwamba utungo usio na urari wa vina na mizani si shairi, ni guni au ni nathari iliyokatwakatwa mishororo. Wapo waliodai kwamba mtunzi huyo alikimbilia utungo huru kwa kuwa arudhi zilimshinda. Wengine walisema kwamba ameiga Wazungu. Mashtaka hayo yote yalihusu umbo la mashairi na asili ya mtunzi. Ni wachache waliojishughulisha kuuliza mashairi hayo yanasema nini, na iwapo yangeweza kuyasema vilevile katika tarbia.

Kezilahabi hakurudi nyuma, wala hakutunga diwani ya vina ili kuwathibitishia wapinzani wake kwamba anaweza. Aliandika Karibu Ndani (1988), kisha Dhifa (2008), miaka 34 baada ya Kichomi, akiwa bado katika njia ileile ya utungo huru. Katika riwaya, msimamo wake ulimgharimu zaidi. Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda, kisha baadaye ikaingia madarasani. Mwandishi aliyekwisha kupata wasomaji wengi kwa hadithi ya aina hiyo angeweza kuirudia mara tano na kula jasho lake kwa raha. Badala yake alikwenda hadi Nagona (1990) na Mzingile (1991), kazi fupi zenye ugumu, zisizofuata msuko wa moja kwa moja, ambazo hakuna mchapishaji anayetafuta faida ya haraka angeziagiza.

Hoja ya mila inafaa kujibiwa kwa mila yenyewe. Sheria za Kutunga Mashairi cha Kaluta Amri Abedi, kitabu ambacho wengi walikitumia kama katiba ya ushairi, kilichapishwa mwaka 1954. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840 hivi, zaidi ya miaka 100 kabla ya kitabu hicho. Muyaka hakutunga kwa kufuata kitabu cha sheria. Katika zama ambazo tungo ndefu za kidini zilikuwa na hadhi kubwa, aliingiza katika shairi la beti za mishororo minne vita vya Wamvita, siasa za mji, mapenzi, biashara na hata kejeli za barazani. Kanuni zilizokuja kuandikwa baadaye zilitokana na ubunifu wa watu kama yeye. Haieleweki basi ni kwa mantiki gani matunda ya ubunifu wa jana yawe pingu za ubunifu wa leo. Mila ya ushairi wa Kiswahili, ikichunguzwa kwa makini, ni mila ya watunzi waliothubutu.

Hata hivyo, ni kosa kuhitimisha kwamba sauti ya kweli imo katika utungo huru peke yake. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya kijitabu chake Kenya: Twendapi?, na katika miaka mitatu ya kifungo alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973), akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yanafuata arudhi barabara. Yametungwa kwa Kimvita, lahaja ya kwao, wala hayakusubiri idhini ya Kiswahili sanifu cha vitabu vya shule. Diwani hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, mwaka uleule wa Kichomi. Kwa upande wa umbo, Abdilatif na Kezilahabi wako mbalimbali kama ardhi na mbingu. Kwa upande wa uaminifu wako pamoja, kwa kuwa kila mmoja alichagua umbo lake kutokana na alichokuwa nacho cha kusema. Mhakiki anayempokea mmoja na kumkataa mwingine kwa kuhesabu mizani tu hajawasoma wote wawili.

Haidaiwi hapa kwamba mtunzi asikosolewe. Msanii asiyesikia la mkuu huvunjika guu kama mtu mwingine yeyote, na ni kweli kwamba baadhi ya waliomfuata Kezilahabi walijificha nyuma ya jina lake ili kuuficha uvivu wao. Shairi huru linaweza kuwa bovu, na riwaya ngumu inaweza kuwa na ugumu usio na tija. Lakini kulisema hilo kunahitaji kazi isomwe kwa masharti yake yenyewe: imekusudia nini, na imefanikiwa kwa kiasi gani? Mhakiki anayeuliza hivyo humsaidia mtunzi hata anapomuumiza. Anayeuliza "mbona haifanani na ile?" hana msaada wowote, hata anaposifu.

Swali hilo la pili ndilo linalotawala soko la vitabu nchini Kenya. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima linalotahiniwa, riwaya, tamthilia na diwani za hadithi fupi zimekuwa na mnunuzi mmoja mkuu, naye ni mtahiniwa. Mwaka 2023, watahiniwa wa KCSE walikuwa takriban 900,000. Kitabu kilichoteuliwa kutahiniwa katika karatasi ya tatu kina wasomaji wa lazima kwa miaka kadhaa, ilhali kisichoteuliwa huweza kukaa ghalani hadi kiliwe na mchwa. Katika hali hiyo, mwandishi halazimiki kukatazwa jambo lolote. Hujikataza mwenyewe. Huondoa sura itakayowatia hofu wazazi, hupunguza mafumbo, hupanga maudhui yake kama orodha ya maswali ya mtihani: ufisadi, ukimwi, elimu ya msichana, uongozi mbaya. Maudhui hayo ni mazito na yanastahili kuandikiwa. Ubaya ni kwamba yanapoingizwa ili yahesabiwe, wahusika hugeuka kuwa vyeo vya maadili vyenye majina ya watu.

Hapa ndipo methali ya mcheza kwao inapopotoshwa. Methali haikusema kwamba hutunzwa yule achezaye apendavyo mtunzaji. Ilimsifu anayecheza kwao, ngoma anayoijua, mbele ya watu wanaoweza kumwambia amekosea wapi. Mwandishi anayekisia matakwa ya kamati ya uteuzi hachezi kwao, anacheza ugenini kwa matumaini ya tuzo. Naye mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Lawama hii haiwezi kuishia kwa wachapishaji, ambao ni wafanyabiashara na hawajificha. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zina sehemu yake. Miongozo ya vitabu vya kutahiniwa huandikwa pia na wahadhiri, nayo humfundisha mwanafunzi kuichambua riwaya bila kuisoma. Kitabu kinapoteuliwa, tasnifu na makala hukifuata kama kunguru wafuatavyo mzoga. Kinapoondolewa kwenye orodha, uhakiki nao huhama. Mwandishi kijana anayeyatazama hayo hujifunza haraka kwamba hata wasomi hawana haja na kazi isiyotahiniwa. Je, apate wapi ujasiri wa kuandika Nagona yake?

Wahakiki wana uwezo wa kurekebisha sehemu hii bila kungoja serikali wala soko. Kila kozi ya riwaya na ushairi na iwe na walau kazi mbili ambazo hazijapata kutahiniwa. Majarida ya idara na yatenge kurasa za kuhakiki diwani na riwaya mpya ndani ya mwaka wa kuchapishwa kwake, kabla ya kamati yoyote kusema neno. Na mhadhiri anayeombwa mwongozo na ajiulize ni lini mara ya mwisho alihakiki kitabu ambacho hakuna aliyemlipa akisome. Kichomi ilipata wapinzani wakali, lakini ilipata pia watu waliogombana kwa sababu ya shairi. Kwa mtunzi, ugomvi huo ni bora mara mia kuliko ukimya unaowapokea leo wenzake waliokataa kuandikia mtihani.