MTOTO HUJIJUA KWA KUSEMESHWA

Wazee wetu husema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Leo twapenda kukumbusha kuwa asili haiachwi kwa siku moja. Huanza kuachwa nyumbani, pale mtoto anaposema na asipate wa kumjibu.

Mtoto hazaliwi akijua yeye ni nani. Hujua kwa kusemeshwa. Anapofundishwa kumwamkia bibi yake, anapoambiwa huyu ni ami yako na yule ni mjomba, anapomsikia babu akitaja bamvua na maji mafu, kaskazi na kusi, ndipo anapotambua mahali pake katika ukoo na katika kisiwa chake. Na anapoulizwa, "Leo umeona nini?" kisha akasikilizwa hadi mwisho, hujifunza kuyapanga mambo yake na kujiona kuwa naye ni mtu mwenye neno.

Kwa hiyo yatusikitisha kuona majumba ambamo jioni hupita kimya, kila mmoja ameinamia simu yake. Yatusikitisha zaidi kuona mtoto wa Pemba, Tumbatu au Makunduchi akichekwa darasani kwa lafudhi ya kwao, na wazazi wake, kwa kuona haya, wakamkataza kuisema hata nyumbani.

Ni kweli kuwa Kiunguja cha mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, ambacho Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilipewa kazi ya kukisimamia. Hatuna ugomvi na usanifu huo. Mtoto hana budi kuujua ili asome na afanye kazi popote. Lakini kusanifisha lugha si kutoa hukumu kuwa mama zetu hawajui kusema. Mtoto anayeyaonea haya maneno ya mamaye, mwishowe humwonea haya mama mwenyewe.

Twatoa wito kwa wahusika wa elimu wawaelekeze walimu kufundisha Kiswahili sanifu bila ya kuzidhihaki lahaja. Wanafunzi nao wapewe kazi ya kuwauliza wazee wao hadithi, vitendawili na majina ya samaki na miti, wakayasimulie darasani kama walivyoyasikia.

Nasi wazazi, baada ya chakula cha usiku, tuziweke simu kando tuwasemeshe watoto wetu. Kazi hiyo haingojei bajeti wala waraka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haulijui jina la babu yake.