Sheria Haishonwi kwa Kipimo cha Mtu Mmoja

Wananchi wenzetu wa Machakos,

Hatuji kumvunjia heshima marehemu Paul Ngei, aliyeiaga dunia mwaka 2004. Alikamatwa Oktoba 1952, na Aprili 1953, huko Kapenguria, akahukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne. Mwaka 1962 alithubutu kuiacha KANU na kuunda African People's Party, kabla ya kurejea KANU mwaka uliofuata. Deni letu kwake ni kubwa.

Lakini deni la namna hiyo halilipwi kwa Katiba. Baada ya uchaguzi wa 1974, mahakama ilimpata mbunge huyo wa Kangundo na kosa la uchaguzi, akapoteza kiti. Sheria ilimzuia kugombea kwa miaka mitano, na Rais hakuwa na mamlaka ya kumwondolea kizuizi hicho. Je, serikali iliitii sheria? La! Desemba 1975 Bunge liliibadili Katiba kwa haraka, likampa Rais mamlaka hayo. Ngei akasamehewa, akagombea tena, na mwaka 1976 akarudi Bungeni.

Wako wasemao: kuna ubaya gani, ikiwa wapiga kura wenyewe walimrudisha? Sisi hatuna ugomvi na kura ya Kangundo. Ugomvi wetu ni na ufunguo uliochongwa kwa ajili ya mkono mmoja, ilhali wanyonge waliofungiwa mlango hawakuchongewa wowote. Wakristo, kumbukeni: Daudi alikuwa shujaa wa taifa, lakini nabii Nathani hakuja kuirekebisha amri ili imfae mfalme. Alikuja kumwambia kweli.

Tena, Bunge lililozoea kuipinda Katiba kwa ajili ya rafiki haliogopi kuipinda dhidi ya mpinzani. Juni 1982 lilipitisha kifungu cha 2A, na vyama vingine vyote vikapigwa marufuku hadi Desemba 1991. Walionyamaza 1975 kwa kumpenda Ngei walisaidia kulainisha njia hiyo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 256, inaamuru siku 90 zipite kabla mswada wa kuibadili haujasomwa Bungeni mara ya pili. Siku hizo ni zetu. Kila mswada wa namna hiyo usomwe makanisani na katika mabaraza, na swali la kwanza liwe hili: umeshonwa kwa kipimo cha nani? Ukiwa ni wa mtu mmoja, hata awe kipenzi chetu, tuukatae!