HARINGI, HAKUONI! Macho ya Vijana wa Tanga si ya Kufikicha Wala ya Kuchekwa

Tanga mtu atasamehewa mengi, lakini si kupita barazani bila salamu. Dada akikatiza Ngamiani, mashoga zake wakampungia mkono asiitikie, jioni habari imeshafika Chumbageni: "Siku hizi anaringa yule, kapata vihela." Hakuna anayeuliza kaswali kadogo tu: hivi anaona kweli?

Maana upo ugonjwa unaoitwa keratokonasi. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inazidi kuwa nyembamba halafu inachomoza kama pia. Mwanga ukiingia unapinda ovyo. Taa moja ya bodaboda inakuwa tatu, herufi zinaota vivuli, na sura ya mtu ng'ambo ya barabara inakuwa ukungu mtupu. Na hausubiri uzee. Mara nyingi huanza wakati wa balehe au miaka ya ishirini, umri ule ule wa shule, kazi na kuchumbiana.

Wanaodhani ni ugonjwa wa wanyonge, wamtazame Stephen Curry, yule fundi wa kutupia mitupo ya mbali NBA. Mwaka 2019 alisema wazi kwamba ana keratokonasi, akaanza kuvaa lenzi, na maisha yakaendelea. Staa wa dunia kasema hadharani, kijana wa Makorora anaficha hata kwa mama yake, eti miwani itamharibia swaga! Wahenga walishamaliza: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa kinachokufa ni jicho.

Kwa watu wa pwani tatizo kubwa ni mkono. Vumbi, upepo wa bahari na moshi wa makumbi huamsha aleji, macho yanawasha, na mtu anafikicha mpaka asikie utamu. Kufikicha huko kunahusishwa sana na konea kulegea na kuchomoza. Mtoto anayefikicha macho kutwa asionekane ana usingizi tu. Maji ya baridi na kitambaa safi vinatuliza, kisha apelekwe apewe dawa ya aleji inayomfaa.

Halafu ipo hii tabia ya kukimbilia duka la dawa: "Nipe ya macho mekundu." Baadhi ya dawa hizo za matone zina steroidi. Siku mbili macho meupe, mtu anafurahi, anarudia mwezi hadi mwezi bila daktari. Matokeo yake yanaweza kuwa presha ya macho au mtoto wa jicho kwa kijana mbichi kabisa. Na zile lenzi za rangi za siku ya harusi, zinazozunguka kutoka jicho la bibi harusi hadi la mpambe wake? Urembo wa saa tano, vijidudu vya kukaa.

Dalili ya kushtukia ni hii: miwani inabadilishwa kila baada ya miezi michache na bado mtu haoni sawasawa. Hapo asizunguke tena kwenye maduka ya miwani. Aanzie Hospitali ya Bombo, na akipewa rufaa aende KCMC Moshi, Muhimbili au CCBRT Dar, aulizie kupimwa umbo la konea. Yapo matibabu ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga maalumu, yaliyoanza kutangazwa na madaktari wa Ujerumani mwaka 2003. Hayarudishi kilichopotea ila husimamisha ugonjwa usiendelee, ndiyo maana kuwahi ni kila kitu. Baada ya hapo zipo lenzi ngumu za kumrudishia mtu uoni mzuri, na hali ikiwa mbaya sana, kupandikizwa konea nyingine.

Watu watasema, hela iko wapi? Moshi na Dar zote ni safari ndefu ya basi, na matibabu si bei ya chapati. Ni kweli kabisa. Lakini mji huu huu unachangisha send-off, kitchen party na harusi, kadi zinasambazwa, kamati inakaa vikao vinne, na ukumbi unalipiwa. Familia inayoweza kuchangia keki ya ghorofa tano haishindwi kuchangia nauli na lenzi za binti mmoja. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua lile grupu la WhatsApp na kuandika: jamani, mwenzetu haoni.

Kwa hiyo safari nyingine dada akipita bila salamu, wenye baraza wamsogelee, wamtajie majina yao, wamuulize habari za macho yake. Umbea utangoja. Konea inayochomoza haingoji.