Jina kwenye Hati Halilipi Deni

Siku hizi, Nairobi hadi Mombasa, mapenzi yanapimwa kwa hatimiliki. "Kama kweli anakupenda, akuandike kwenye hati." Ndivyo wanavyohimiza mashangazi, marafiki na washauri wa ndoa. Nyumba ikiwa bado ina mkopo, ndipo mpango unaposifiwa zaidi: mmoja abaki na deni la benki, mwenzake aingizwe kwenye umiliki. Eti aliyeongezwa kapata mali bila mzigo, na aliyemwongeza hajapoteza kitu. Huo ni upuuzi, na unaweza kuwaumiza wote wawili.

Kwanza, jina haliongezwi kwa kupitia afisi ya ardhi tu. Nyumba yenye mkopo iko rehani, na rehani hiyo imesajiliwa juu ya ardhi yenyewe. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaeleza wazi: mkataba ukimzuia mkopaji kuhamisha umiliki bila ruhusa ya benki, msajili haandikishi chochote mpaka aletewe ruhusa hiyo kwa maandishi. Soma mkataba wako; sharti hilo si geni humo.

Haya, tuseme benki imeridhia. Aliyeongezwa kapata nini? Kapata sehemu ya nyumba ambayo benki inalipwa kwanza, yeye baadaye. Mkopaji akishindwa kulipa, inatoka notisi ya miezi 3, kisha ya siku 40, halafu dalali anaingia. Jina la pili kwenye hati halimrudishi dalali mlangoni. Na kwa kuwa mkopo si wake, mwenye jina hilo anaweza kuishi humo miaka bila kujua malimbikizo yamefika wapi.

Na mkopaji je? Kagawa nyumba, lakini deni halikupungua hata shilingi. Nyumba ikipigwa mnada na bei isitoshe, salio anadaiwa yeye peke yake. Akitaka kuiuza mapema ajinasue, hawezi bila sahihi ya mwenzake, hata kama siku hizo hawasalimiani.

Kwa wapenzi ambao hawajaoana, hali ni mbaya zaidi. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinawaachia wanandoa pekee, isipokuwa kwa idhini ya mahakama, ule umiliki ambao mmoja akifa sehemu yake inamwendea aliyebaki. Wengine wote wanamiliki kwa mafungu, na fungu la marehemu ni la warithi wake. Unaweza kujikuta unalipia benki kila mwezi nyumba unayomiliki pamoja na kaka za marehemu.

Nitajibiwa kwamba wanawake wengi wamefukuzwa kwenye nyumba walizozijenga kwa jasho lao, kwa sababu tu majina yao hayakuwa kwenye hati. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini mke ana kinga hata kabla ya jina. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inachukulia kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja imeshikwa kwa niaba ya mwenzake pia, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kazi za nyumbani na malezi ya watoto vinahesabiwa kuwa mchango. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba kila mmoja anapata nusu moja kwa moja: mgawo unafuata mchango. Hata majina mawili yakiwa kwenye hati, usawa wa mafungu yao ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo tunza risiti na rekodi za malipo. Zitakutetea pale jina litakapobishaniwa.

Mnaotaka nyumba pamoja, nendeni benki pamoja, muulize mkopo umebaki kiasi gani, mtie sahihi nyote. Mmoja akiwa hana kipato cha kukubaliwa, mwone wakili, mwandikiane nani analipa nini na fungu la nani ni lipi, kisha hati ibadilishwe deni likiisha. Na mtu aliye tayari kukupa nusu ya hati lakini hataki uone taarifa ya mkopo, usimshukuru. Mdai taarifa hiyo kwanza.