Kutu ya Chuma na Msuli wa Mwanadamu

Yako mafundisho yaliyoenea siku hizi miongoni mwa vijana wapendao michezo, nayo ni kwamba kila akimbiaye kwa bidii hana budi kumeza vidonge vya vitamini C na vitamini E ili auokoe msuli wake. Mafundisho hayo yamevaa joho la elimu, na kwa hiyo hupita pasipo kuulizwa. Mimi nayapinga. Yamejengwa juu ya nusu ya kweli, nayo nusu ya kweli humpoteza mtu kuliko uongo mtupu, kwa kuwa uongo mtupu hutambulikana.

Nusu hiyo yafaa itajwe kwa haki. Ndani ya seli ya msuli mna viwanda vidogo vidogo viitwavyo mitokondria. Humo chakula tulacho huunguzwa kwa oksijeni tuvutayo, ikapatikana nguvu ya kuendesha miguu na moyo. Elektroni zinazopokezanwa humo huponyoka mara moja moja, zikadakwa na oksijeni kabla ya kufika zendako, na oksijeni hiyo ikawa chembe kali, yenye pupa ya kushambulia kila ikigusacho. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Denham Harman, alitoa rai kwamba uharibifu wa chembe hizo ndio uuzeeshao mwili. Mwaka 1982 ikaonekana, kwa panya waliokimbizwa mpaka wakachoka kabisa, kwamba huzidi katika misuli inayofanya kazi. Hapo wauzaji wakapata neno. Walisema: oksijeni huula mwili kama kutu ilavyo chuma, antioksidanti huizima oksijeni kali, basi mezeni antioksidanti!

Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini mfano wake ni mbovu. Chuma hakina uhai. Panga lililosahauliwa mvuani halijui kwamba linaliwa na kutu, wala haliwezi kujinoa. Msuli wajua. Chembe zile kali, zikiwa kwa kiasi, ni tarishi: huipasha seli habari kwamba kazi imezidi viwanda vilivyopo. Seli ikisha kupata habari huiamsha protini iitwayo PGC-1 alfa, nayo huamuru mitokondria mpya zijengwe. Na papo hapo seli hujiongezea vimeng'enya vyake yenyewe, kama vile katalasi na superoksidi dismutasi, vya kuzipunguza makali chembe hizo. Hiyo ndiyo mizani ambayo wataalamu huiita redoksi: kutoa elektroni upande mmoja, kuzipokea upande wa pili. Mwili wenye afya hautaki mizani hiyo ikae kimya mchana kutwa. Huiacha ielemee kidogo wakati wa kazi, kisha huirudisha wakati wa kupumzika, na katika kuelemea huko na kurudi ndimo msuli upatamo nguvu mpya. Amezaye kidonge amemziba tarishi mdomo.

Neno hili halikutungwa na mwalimu barazani. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake, nchini Ujerumani, walitangaza matokeo ya vijana wa kiume karibu 40 waliofanyishwa mazoezi kwa majuma manne. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E. Wale wasiopewa, miili yao ilizidi kuitii insulini, homoni itawalayo sukari katika damu, na vimeng'enya vyao vya kinga vikaamka. Waliopewa walitoka jasho lile lile wakaikosa faida hiyo. Mwaka 2014 Gøran Paulsen na wenzake, nchini Norwe, walitoa habari za vijana 54, wanaume kwa wanawake, waliofanya mazoezi kwa majuma 11. Kwa wale waliomeza vitamini hizo, dalili za kuongezeka kwa mitokondria katika misuli zilififia.

Atasimama mpinzani aniambie kwamba katika jaribio hilo la Norwe makundi yote mawili yaliendelea sawasawa katika uwezo wa kukimbia. Ni kweli, wala sifichi. Lakini na aitazame vema hoja yake: yamtetea nani? Mtu amemeza vidonge majuma 11 apate kuwa sawa na asiyemeza! Na hiyo ndiyo habari njema aliyonayo.

Wala sineni kwamba vitamini hazina kazi. Akosaye vitamini C kabisa hupatwa na kiseyeye, fizi zikamvuja damu na jeraha likakataa kupona. Neno ni kipimo. Chungwa moja la kadiri lina miligramu 70 hivi. Basi kidonge cha miligramu 1,000 ni machungwa 14 yaliyoshushwa kwa funda moja la maji. Nani katika nyumba zetu huketi akala machungwa 14 kila asubuhi? Mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari na ayashike maagizo yake. Huyo hayumo katika shauri hili. Nasema habari za kijana mzima, mwenye mapera na sukuma wiki kwao. Kijana huyo huamka alfajiri, akapanda kilima na kushuka, na msuli wake ukapaza sauti kuomba mitokondria. Kisha, kwa fedha ambazo mzazi wake alizitenga kwa karo, hupita dukani kununua kitu cha kuinyamazisha sauti hiyo.