Maneno Mafupi Ndiyo Magumu



Watu wengi hudhani kwamba ugumu wa Kiingereza umo katika maneno marefu. Mwanafunzi akikutana na neno refu hushtuka, hulitafuta katika kamusi, na kesho yake hulitia katika insha ili aonekane mjuzi. Maneno mafupi huyapita bila hata kuyaamkia, kwa kuwa hudhani amekwisha kuyajua tangu shule ya msingi. Mimi naona mambo ni kinyume. Neno refu aghalabu lina maana moja au mbili. Neno fupi ndilo lenye hila.

Tuchukue neno moja tu, "run". Sote tulifundishwa kuwa maana yake ni kukimbia, na ni kweli. Lakini watungaji wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya neno hilo walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Mtungaji aliyeifanya kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa nayo miezi tisa. Kwa Mwingereza mto hu-"run" ijapokuwa hauna miguu, na pua ya mtoto mwenye mafua hali kadhalika. Mwenye duka naye hu-"run" duka lake, maana yake huliendesha, hata kama ameketi kitini kutwa.

Tena neno hili likishikana na kijineno kingine huzaa maana mpya kabisa. Tukisoma kwamba dereva "ran out of petrol", si kwamba alikimbia nje ya petroli, bali petroli ilimwishia. Tukisoma kwamba "ran over a goat", mwanafunzi asiyejua atadhani dereva alimruka mbuzi, kumbe mbuzi maskini amekanyagwa na gari. Na "run into" ni kukutana na rafiki bila kutazamia, au kuingia katika deni, au kuingia nyumbani mbio. Sentensi nzima ndiyo itakayoamua.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Sikubaliani nao. Vitabu vyetu vya sayansi vimejaa vitenzi vya namna hiyo. Mwanafunzi huambiwa "set up" vyombo, "carry out" jaribio, kisha aeleze ni gesi gani "is given off". Yeye ajua kuwa "give" ni kutoa, na "off" ameiona katika swichi ya taa. Basi hukaa akijiuliza gesi hiyo inatolewa au inazimwa. Huyu aweza kukosa alama za kemia, na wala si kwa sababu hajui kemia. Walio wengi kati yetu hapa Tanzania tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ndipo tukafika kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kijineno kidogo chaweza kumfungia mtu mlango wa somo zima. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Wengine husema Kiingereza ni lugha ya vurugu isiyo na kanuni. Hawa wameisahau lugha yao wenyewe. Sisi hupiga pasi, hupiga picha, hupiga kura, hupiga magoti, hupiga chafya, wala hakuna anayeshika fimbo. Hata huko kukimbia kwenyewe twasema kupiga mbio. Mgeni atakayetafsiri neno kwa neno atadhani sisi ni watu wa ugomvi toka asubuhi mpaka jioni. Tena Kiswahili hukigeuza kitenzi kwa kukibadili mwisho wake: kukimbia si kukimbilia, wala kukimbilia si kukimbiza. Jambo ambalo sisi twalifanya kwa kubadili mkia wa neno, Mwingereza mara nyingi hulifanya kwa kuongeza kijineno nyuma yake. Mtoto asiyechanganya kukimbilia na kukimbiza anazo akili za kutosha kutenga "run to" na "run after".

Wako pia wanaoshauri tutumie maneno marefu tu, kama vile "escape" badala ya "run away", au "pursue" badala ya "run after". Maneno hayo yana asili ya Kifaransa, na mengi ya jamii hiyo yaliingia Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Ni maneno mazuri, na katika insha yafaa. Lakini sisi hatuchagui maneno ya mtungaji wa mtihani, wala ya mwandishi wa kitabu. Hapana budi tuyajue yote mawili.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuache kukariri orodha za vitenzi hamsini usiku mmoja, maana zitatoka kichwani kama zilivyoingia. Tuandike daftarini sentensi nzima tuliyoisoma, na kitenzi pamoja na kijineno chake tukihesabu kuwa neno moja. Pili, walimu wa masomo yote watusaidie: mwalimu wa kemia akifika kwenye "given off", asimame dakika moja aeleze. Tatu, wazazi wenye uwezo wanunue kamusi ya wanafunzi, mathalani ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby, iliyotolewa na Oxford mwaka 1948, ambayo ilitungwa makusudi kwa watu wasiozaliwa na Kiingereza. Kamusi moja yaweza kutumiwa na watoto wa nyumba nzima.

La mwisho ni letu wanafunzi. Mwenzetu akimrukisha dereva juu ya mbuzi, tusimcheke. Anayechekwa leo kesho hatanyosha mkono, na asiyenyosha mkono hajifunzi.